Kusoma ni bure, kusubiri ndiko kunakolipiwa

Barua ya wazi kwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Kwa kuwa hii ni barua na huko uliko huwezi kuniitikia papo hapo, nitajiitikia mwenyewe: kazi iendelee. Na hiyo kazi ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule moja ya kata huku Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde. Nina miaka 27 kazini. Sina chama ninachokisemea, na mshahara wangu unaingia kila mwezi, kwa hiyo sikuandikii kwa njaa. Mwanafunzi wangu aliniuliza swali darasani, na jibu nililompa halikunitosha mimi mwenyewe. Ndiyo sababu nimeona nilipeleke mbele.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimechelewa. Nikachukua bodaboda, nikashushwa mbele ya ofisi ya walimu wanafunzi wakiwa mstarini wanaona. Kipindi cha pili nikaingia kidato cha nne. Mada ilikuwa Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, mada ambayo nimeifundisha mpaka chaki inajua njia yenyewe. Nikafika pale ninapopenda kuwaambia kwamba elimu ndiyo ngazi ya mtoto wa mkulima. Mkono ukanyanyuka dawati la nyuma. Ni binti, tena si mchokozi, ni wa tatu darasani.

“Samahani, Mwalimu. Na yule aliyekuleta leo?”

Darasa likacheka. Kisha likanyamaza, likaningoja.

Aliyenileta ni mwanafunzi wangu. Alimaliza kidato cha nne hapahapa mwaka 2012, mwaka ule ambao matokeo yalipotangazwa zaidi ya nusu ya watahiniwa wa nchi nzima walikuwa na sifuri, mpaka Serikali ikaagiza yapangwe upya. Yeye alipata daraja la pili. Akaenda kidato cha tano, akaenda chuo kikuu kwa mkopo, mwaka 2018 akarudi na shahada ya ualimu, Kiswahili na Jiografia. Binti yule anamjua vizuri. Sote tunamjua. Picha yake akiwa na joho imetundikwa sebuleni kwa mama yake, na pikipiki inalala chini yake usiku kwa kuogopa wezi.

Nikamjibu binti kwa lile ambalo walimu wote tunalo mdomoni: elimu haiozi. Wakaandika kwenye madaftari. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kicheko, kwamba waliandika.

Mheshimiwa, watoto hawa wananitazama mimi kama ushahidi kwamba ngazi ipo, kwa hiyo niseme jinsi nilivyoipanda. Nilianza darasa la kwanza mwaka 1983. Korosho, ambazo ndizo maisha ya huku, zilikuwa zimekwisha anguka: nchi iliyovuna tani 145,000 msimu wa 1973/74 ilikuwa inaelekea kwenye tani zisizofika 20,000. Watu walihamishiwa vijijini, mikorosho ikabaki mbali, bei ikawa haina maana, halafu ugonjwa wa mikorosho, ubwiri unga, ukamaliza kilichobaki. Baba yangu alikuwa na shamba lililomezwa na pori na watoto saba. Darasa la saba tulifanya mtihani zaidi ya 60, tukachaguliwa sekondari wawili. Wawili! Wenzetu wengine, wapo waliokuwa na akili kunishinda mimi, wakabaki na jembe. Nilikwenda bweni na sanduku la bati. Lakini kuanzia siku ile, sikulala tena nikiwaza. Nilimaliza sekondari, nikapelekwa chuo cha ualimu, nikapangiwa kituo haijafika miezi mitano tangu nimalize. Baba hakuuza kitu chochote kwa ajili ya mimi kutafuta kazi, maana sikuitafuta.

Wakati ule mchujo ulikuwa mlangoni. Ulikuwa mkali, na kwa wengi ulikuwa wa kikatili, ila ukishapita umepita. Mchujo haukuondoka, Mheshimiwa. Umehama kutoka mlangoni umekwenda kukaa mwisho wa safari.

Nivumilie kidogo kwa historia, ndiyo kazi yangu. Chuo kikuu cha kwanza cha nchi hii kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kikiwa na wanafunzi 13 wa sheria. Miaka mitano baadaye, Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo hicho waliandamana kupinga kupelekwa Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400, na kwa kukasirishwa na mishahara ya wakubwa akiwemo yeye mwenyewe akaupunguza wa kwake kwa asilimia 20. Ugomvi wa nchi wakati huo ulikuwa kwamba msomi anapata kupita kiasi. Nikiwasimulia vijana wangu kisa hiki, wananitazama kama ninayesimulia hadithi za Abunuwasi.

Baadaye milango ikafunguliwa. Ada ya shule za msingi ikafutwa, ukaja mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, MMEM, mwaka 2002, na wa sekondari, MMES, mwaka 2004, shule za kata zikaota kila mahali, Januari 2016 elimu ya sekondari hadi kidato cha nne ikawa bila ada, na 2022 ikafika kidato cha sita. Siwezi kuzisema vibaya shule za kata. Ndizo zinazonilisha, na zimewapitisha mabinti wengi wa huku ambao zamani wangeishia darasa la saba, unyago, kisha ndoa. Anayesema shule za kata hazijafanya kitu hajawahi kuishi kijijini.

Lakini sasa tazama kule mwisho. Juni 2014 vijana zaidi ya 10,000 walijazana Uwanja wa Taifa kufanya usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Tulicheka, tulidhani ni kioja cha mwaka mmoja. Nafasi 14,648 za ualimu zilizofanyiwa usaili mwanzoni mwa 2025 ziliombwa na watu 201,707. Machi mwaka huohuo Mamlaka ya Mapato ilikuwa na nafasi 1,596, walioomba wakazidi 135,000. Kwenye ualimu ni karibu watu 14 kwa kiti kimoja, kwenye mapato ni zaidi ya 80. Sikulaumu kwa idadi hiyo. Hakuna Serikali inayoweza kumwajiri kila mwenye cheti, na wazazi tunalijua hilo kuliko mnavyodhani. Ninachotaka ukitazame ni kitu kingine: katika hao 14, nani anaweza kusimama kwenye foleni mpaka zamu yake ifike?

Nikupe hesabu ya safari moja ya kijana wangu. Aliitwa usaili na taasisi moja ya umma, Dodoma. Alitoka Newala alfajiri hadi Dar es Salaam, akalala gesti Mbagala, kesho yake akapanda basi la Dodoma, akalala huko usiku mbili kwa kuhofia kuchelewa getini. Alikuwa na bahasha ya kaki ndani ya mfuko wa nailoni: cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita, cha chuo, na nakala zake zote zimegongwa muhuri wa wakili, kila muhuri na bei yake. Mtihani wa kuandika ulichukua saa moja na robo. Akarudi kwa njia ileile. Jumla ilikuwa shilingi 230,000. Mama yake aliuza mbuzi kwa 90,000, kwenye kikoba wakakopa 70,000, na 70,000 zilikuwa zangu, ambazo mpaka leo ananiahidi atalipa na mimi namwambia asijali, naye anaendelea kuahidi. Alipata alama 61. Walioitwa kwenye mahojiano walianzia 64.

Alama tatu si dhuluma. Alishindwa kihalali, na yeye mwenyewe anasema hivyo. Ila usaili wa namna hiyo amewahi kuhudhuria mara tatu tu katika miaka yote hii, kwa sababu mbuzi wana mwisho.

Sasa nikuoneshe mwenzake. Walikaa dawati moja hapa shuleni, mwaka uleule wa 2012. Baba yake alikuwa mtumishi wa Serikali hapa wilayani, mtu mwema tu. Matokeo yake yalikuwa chini ya ya huyu wangu, akapitia stashahada, kisha shahada ya ununuzi na ugavi. Alipohitimu akaenda kukaa kwa baba yake mdogo Dodoma. Akajitolea katika ofisi moja mwaka mzima na nusu bila malipo. Baba akawa anamtumia nauli na chakula cha mchana, baba mdogo ameweka kitanda. Alifanya usaili mara tisa akakosa. Wa kumi akapata. Simsemi vibaya, kijana ana bidii na kazi anaiweza. Akija likizo ananiletea sukari. Lakini yeye alipewa nafasi ya kushindwa mara tisa. Huyu wangu alishindwa mara tatu, akaishiwa.

Watu mtaani watakwambia ni kujuana. Vijiweni hilo halina mjadala: bila mjomba hupati. Mimi huwa nabishana nao. Natumia simu, naona matangazo ya kazi yanatoka wazi na majina yanatoka wazi, tofauti na zamani. Nakubali kwamba kujuana kupo, kama kulivyo kila mahali. Ila hata ukikuondoa chote leo, hata usaili ukiendeshwa na malaika, mtoto wa mtumishi bado atampita mtoto wa mkulima, kwa sababu miaka ile baina ya joho na barua ya ajira haina mfadhili ila mzazi. Kusoma tumekufanya bure. Kusubiri ndiko kunakolipiwa, na bei yake mkulima haiwezi.

Kijana wangu alijaribu kusubiri kwa heshima. Alikuja kujitolea kufundisha hapa shuleni miaka miwili na miezi minne. Tulikuwa na mwalimu mmoja wa Jiografia kwa shule nzima. Wazazi walikubaliana kumchangia, ikawa ukiikusanya inafika shilingi 50,000 kwa mwezi ukiwa msimu wa korosho, nje ya msimu inafika 20,000 au haifiki popote. Alifundisha vipindi 26 kwa wiki. Watoto wake walifaulu. Siku aliyoniaga alikuja na daftari la maandalio ya masomo, limeandikwa mpaka mwisho wa muhula, akaniambia, “Mwalimu, nimekuachia, atakayekuja asianze upya.” Hakuja mtu kwa miezi 11.

Hapa ndipo huwa nashindwa kuelewa hesabu za Serikali yetu, na nakuomba unieleweshe. Alipokuwa chuoni, Bodi ya Mikopo ilimkopesha fedha ya kujikimu, ile wanayoiita bumu, shilingi 8,500 kwa siku wakati huo, na tangu 2022 ni 10,000. Yaani nchi iliona kwamba mtu anayejifunza kufundisha hawezi kuishi bila kula. Akahitimu, akasimama mbele ya watoto wa nchi hiyohiyo, akafanya kazi ileile aliyosomeshwa aifanye, posho ikawa sifuri, na deni la kusomeshwa linamsubiri. Nashukuru ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa 2021, kwa maana ilikuwa inamnenepesha mdai kila mwaka. Lakini deni lenyewe liko palepale, na mdaiwa yuko kwenye tairi mbili.

Najua jibu lililozoeleka: vijana wajiajiri. Mheshimiwa, amejiajiri. Pikipiki ni ya mkataba. Kila siku anapeleka kwa mwenye chombo hesabu ya shilingi 8,000, mvua inyeshe jua liwake, na miezi 14 ikitimia kitakuwa chake, kama hakijachakaa kabla. Amekwisha kufika mwezi wa tisa. Simdharau dereva wa bodaboda. Bila wao huku wajawazito wasingefika zahanati. Swali la yule binti halikuwa kama kazi ile ni aibu. Aliuliza kwa nini imchukue mtu miaka 16 ya darasani kufika mahali ambapo kaka yake aliyeishia darasa la saba alifika akiwa na miaka 18, tena bila deni.

Ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayokopeshwa kwa vikundi bila riba, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu, ni jambo zuri, na ilipositishwa 2023 tuliumia, iliporudi 2024 tukafurahi. Lakini biashara nayo ina kusubiri kwake. Anayefungua duka mwaka wa kwanza anakula hasara, na mwenye baba anafungua tena.

Wapo pia wanaosema angesoma sayansi. Hao huwa nawaalika waje shuleni. Alipokuwa kidato cha tatu hatukuwa na mwalimu wa Fizikia hata mmoja, na maabara ilikuwa bado ni mchango unaodaiwa kwa wazazi. Sanaa hakuichagua, aliikuta. Sasa sera mpya imeleta mkondo wa amali, watoto wajifunze ufundi, nami naiunga mkono kwa moyo wote, ila naomba cherehani zifike kabla ya mtihani.

Niseme ninachoomba, maana barua ya malalamiko matupu ni kelele.

La kwanza ni hilo la kujitolea. Mtambueni anayejitolea katika shule au zahanati ya umma. Apate namba, asajiliwe, apewe posho hata ile ya bumu tu, shilingi 10,000 kwa siku za kazi, na kila mwaka anaoutumikia uwe na alama zinazojulikana waziwazi kabla ya usaili. Fedha hizo si ndogo, najua. Lakini hivi sasa kazi inafanyika na anayeilipia ni mama mwenye mbuzi. Yaani mkulima wa Newala anaifadhili Serikali, na hakuna risiti.

La pili, mtihani wa kuandika uwafuate watu waliko. Najua siku hizi baadhi ya saili zimeanza kufanyika mikoani na nyingine kwa kompyuta, na mmefanya vizuri. Uteremsheni wilayani. Mitihani ya kidato cha nne inalindwa mpaka vijiji visivyo na umeme, kwa polisi na bahasha zenye lakiri, na inafanyika siku moja nchi nzima. Kama tunaweza kumlinda mtoto wa miaka 17 asiibie mtihani huku porini, tutashindwaje kumsimamia mtu mzima kwa saa moja na robo?

La tatu ni dogo kwa gharama, ila ndilo ninalolitaka zaidi. Kila mnapotangaza walioajiriwa, mnatangaza idadi. Ongezeni mambo mawili: walisubiri miaka mingapi tangu wahitimu, na wazazi wao wanafanya kazi gani. Fomu ya mtandaoni inauliza mambo mengi, haitashindwa kuuliza na hayo. Majina yafichwe, hesabu itoke. Hapo tutajua. Inawezekana mimi nimekosea kabisa, nimedanganywa na mifano miwili ya kijijini kwangu, na kumbe watoto wa wakulima wanapita kwa wingi kama zamani. Nitafurahi kuliko mtu yeyote, nitaibandika hesabu hiyo ukutani darasani, na yule binti atakuwa amepata jibu lenye namba badala ya methali. Na kama hawapiti, basi nawe utakuwa umejua, na hutaweza tena kutokujua.

Binti yule atafanya mtihani wake Novemba. Nimemwambia asome kwa nguvu zote, na nilimaanisha. Tangu siku ile sijathubutu kulitaja lile neno ngazi darasani.

Kesho nitafuatwa saa 12 na nusu asubuhi kama kawaida. Ataniamkia, nitamwitikia, tutazungumza mpira mpaka shuleni. Nitatoa shilingi 2,000, atazikataa, nitaziweka juu ya tangi la mafuta na kuingia ofisini kabla hajazirudisha.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Historia,
Shule ya kata, Newala